Jinsi ya Kuandaa Chumba cha Hisi kwa Familia za Wakimbizi Zinazoishi na Ulemavu

Taasisi ikipata fedha za kuandaa chumba cha hisi, yaani chumba chenye mwanga, sauti na vitu vya kugusa vya kumtuliza au kumchangamsha mtu, kitu cha kwanza kuandikwa huwa ni orodha ya vifaa: mnara wa maji yenye mapovu, nyuzi za mwanga, bwawa la mipira, projekta, spika. Fedha zinakwisha, utepe unakatwa, na baada ya muda chumba kinageuka stoo au, kibaya zaidi, mahali pa kumfungia mtoto anayepiga kelele. Mwongozo huu umepangwa kinyume. Vifaa vinakuja katikati, na kabla yake kuna swali utakalolirudia katika kila hatua: humu ndani, nani ameshika swichi?

Mkimbizi ameshaamuliwa mambo mengi na watu wengine: siku ya kuondoka, njia ya kupita, mahali pa kulala, foleni ya kupanga. Mtu mwenye ulemavu mkubwa huamuliwa hata ubavu wa kulalia. Aliyebeba yote mawili anaweza kumaliza siku nzima bila kusababisha jambo lolote kwa hiari yake. Chumba cha hisi kinamfaa pale taa inapowaka kwa kuwa yeye ameiwasha, na muziki unaponyamaza kwa kuwa yeye ameukataa.

Kabla ya yote: unajenga nini?

Vyumba hivi vina asili mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni Uholanzi, miaka ya 1970, katika kituo cha De Hartenberg, ambako Jan Hulsegge na Ad Verheul waliwaandalia watu wenye ulemavu mkubwa wa akili mahali penye mwanga hafifu, sauti na vitu vya kugusa. Hapakuwa na zoezi la kukamilisha. Mtu aliangalia, akagusa, akapumzika, basi. Waliuita mtindo huo Snoezelen, na jina hilo linatumika hadi leo.

Ya pili ni Marekani, kazi ya A. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kwa vitendo aliyechapisha kitabu chake kuhusu uratibu wa hisi mwaka 1972. Hapo mtoto anabembea, anapanda, anasukuma, anavuta, kwa malengo yaliyopangwa na mtaalamu aliyesomea kazi hiyo. Kama huna mtaalamu wa namna hiyo, usiweke bango la tiba ya uratibu wa hisi. Jenga chumba cha utulivu na mchezo, kiite hivyo, na hakuna aibu yoyote.

Tuwekane sawa pia kuhusu ushahidi. Tafiti nyingi za vyumba hivi ni ndogo, na zinaonyesha zaidi mabadiliko ya wakati mtu akiwa chumbani kuliko mabadiliko ya kudumu miezi. Chumba hakiponyi usonji, hakinyooshi misuli iliyokakamaa kwa mtindio wa ubongo, na hakifuti kiwewe cha vita. Mzazi aliyevuka mipaka akimtafutia mtoto wake matibabu anastahili kuambiwa hivyo siku ya kwanza, kwa lugha yake. Ukimwachia matumaini ya uongo, anaweza kuacha kufuatilia dawa za kifafa au mazoezi ya viungo akiamini taa za rangi zinatosha.

Hatua ya 1: Ongea na familia kabla ya kununua chochote

Usianze na "Je, mtoto wako ana ulemavu?" Wazazi wengi watasema hapana. Kuna wanaoona aibu, na kuna wanaoogopa kwamba jibu litaharibu faili lao la kuomba hifadhi au la kuhamishiwa nchi ya tatu. Maswali mafupi ya Kundi la Washington, kundi la kimataifa la wataalamu wa takwimu za ulemavu, yanayotumiwa na mashirika mengi ya misaada, yanaukwepa mtego huo. Ni maswali 6, yanayouliza kama mtu anapata ugumu wa kuona hata akivaa miwani, kusikia hata akiwa na kifaa cha kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuwa makini, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuwasiliana kwa lugha yake ya kila siku. Kwa watoto ipo seti ndefu zaidi iliyoandaliwa pamoja na UNICEF, nayo inagusa pia wasiwasi, huzuni na tabia. Tumia hiyo ukiwa na mkalimani mzuri.

Baada ya hapo uliza mambo matatu. Kitu gani kinamtuliza kwa sasa, hata kama kwako ni cha ajabu? Kitu gani kinamshtua? Na akishtuka, mwili wake unafanya nini? Majibu haya yana thamani kuliko katalogi yoyote. Mama akikwambia mwanawe hutulia akishika pindo la kanga na kulisugua kati ya vidole viwili, umeshapata kifaa cha kwanza cha chumba chako, na hakijakugharimu chochote.

Usiulize walivyokimbia. Wameshaisimulia habari hiyo kwa maofisa, wakati mwingine zaidi ya mara moja, huku wakipimwa kama wanasema kweli. Wakiitoa wenyewe, sikiliza bila kuandika.

Afya ni lazima uiulize. Andika kama kuna kifafa, shida ya kupumua au ya moyo, mrija wa kulishia, mifupa inayovunjika kirahisi, mzio, na dawa anazotumia. Taarifa ya kifafa ikae ukurasa wa mbele wa faili, ionekane bila kufunua.

Hatua ya 2: Chagua chumba kwa masikio na miguu

Simama katikati ya chumba unachokitaka, funga macho kwa dakika kumi, usikilize. Jenereta? Milango ya chuma inayobamizwa? Ndege zinazoruka chini? Kelele ya nje hutaweza kuizima kwa swichi, na ndiyo inayoharibu kazi yote. Ni heri chumba kidogo kimya kuliko ukumbi mpana unaopakana na karakana.

Kisha vipimo. Mlango uwe na uwazi wa sentimita 80 au zaidi ili kiti mwendo kipite, na ndani kuwe na sehemu tupu yenye kipenyo cha sentimita 150 ili kigeuke. Kama kuna ngazi, jenga mteremko usiozidi 1 kwa 12, yaani kila kimo cha sentimita 10 kipate urefu wa sentimita 120. Karibu na hapo pawe na choo chenye kitanda imara cha kumbadilishia nepi mtu mzima. Hili husahaulika karibu kila mahali, na matokeo yake ni kijana wa miaka 17 kubadilishwa sakafuni huku watu wakipita.

Mlango usifungwe kwa ufunguo mtu akiwa ndani. Popote mtu atakapokaa au kulala, aweze kuuona. Hapa ndipo ninapotofautiana na watengenezaji wengi wa vyumba hivi, wanaopendekeza giza ili taa zing'ae. Aliyejificha kwenye handaki wakati wa mashambulizi hahitaji tena chumba kisicho na dirisha. Weka pazia zito linalofungika na kufunguka kwa kamba iliyo karibu na mkono wa mtumiaji, na taa ya kawaida ya kupunguzika mwanga. Wanaopenda giza watajitengenezea wenyewe.

Gawa chumba sehemu mbili: upande wa kutulia wenye magodoro na mito, na upande wa mwendo. Pande zote mbili zisifanye kazi kwa wakati mmoja. Kuta ziwe na rangi moja tulivu. Picha za katuni zilizojaa ukuta mzima huwachosha watoto wengi wenye usonji, ingawa wafadhili huzipenda kwa sababu zinapendeza kwenye ripoti.

Ukihitaji hoja ya kumshawishi mwenye jengo au mfadhili, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 11, unazitaka nchi zichukue hatua zote za kuwalinda watu wenye ulemavu wakati wa hatari, ikiwemo vita na dharura za kibinadamu. Mwaka 2019 mashirika ya misaada ya kimataifa yalitoa mwongozo wao wa pamoja wa kuwajumuisha watu hao. Mlango mpana na choo kinachofikika ni sehemu ya wajibu huo, wala si fadhila.

Hatua ya 3: Vifaa

Anza na kinachogusa mwili mzima, si kinachopendeza macho. Tumezoea kuhesabu milango mitano ya fahamu, lakini kazi kubwa ya kutuliza hufanywa na hisi zisizotajwa: ya msawazo, inayokaa sikio la ndani, na ya misuli na viungo, inayokueleza mkono wako uko wapi hata ukifumba macho. Bembea inayokwenda mbele na nyuma taratibu huwatuliza wengi. Inayozunguka huamsha, na kichefuchefu chake kinaweza kuja baada ya muda, mtoto akiwa ameshatoka. Usitundike bembea mpaka fundi wa majengo athibitishe kwamba boriti inabeba uzito wa mtu mzima anayetikisika. Kama huna boriti, sahau bembea. Kusukuma sanduku lenye vitabu, kuvuta kamba na mwenzake, kusukuma ukuta kwa viganja viwili, kutambaa juu ya magodoro yaliyopangana ovyo: hayo yote yanaipa misuli kazi na hayahitaji mfadhili.

Blanketi zito lina mashabiki wengi. Lisizidi takriban sehemu ya kumi ya uzito wa mtumiaji, lisifunike kichwa, na atumie yule tu anayeweza kuliondoa mwenyewe. Mtoto mchanga asiwekewe kabisa, na mwenye shida ya kupumua au kifafa asitumie bila ruhusa ya daktari. Usimkunje mtu ndani ya blanketi ili atulie. Kwa aliyewahi kufungwa au kushikwa kwa nguvu, huko ni kumrudisha alikotoka.

Mwanga. Taa zinazowaka na kuzima haraka, hasa kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde, zinaweza kuanzisha degedege kwa wenye kifafa kinachochochewa na mwanga. Hao ni wachache, kama 3 katika kila 100 ya wenye kifafa, lakini familia iliyo safarini huenda haijapata kipimo cha kuwatambua. Zima kabisa mpangilio wa kumwekamweka na uuondoe kwenye rimoti ukiweza. Taa nyekundu na buluu zinazopokezana ziache pia, kwa kuwa zinafanana mno na za magari ya polisi. Mnara wa mapovu ni kifaa kizuri, ila ufungwe ukutani usianguke, na maji yake yabadilishwe kwa ratiba iliyoandikwa.

Projekta huja na video zake, na karibu kila mara ya kwanza ni bahari. Muuzaji anaiona bahari kama utulivu. Aliyevuka usiku kwa boti ya mpira anaiona vingine, na mawimbi yakijaa ukutani hana pa kukimbilia. Futa bahari, radi na moto. Weka majani yanayotikisika, samaki wa kwenye tangi la kioo, au duara la rangi linalobadilika polepole.

Sauti. Spika moja nzuri yenye kitufe kikubwa cha kupunguzia inatosha. Mwachie kila mtu aje na muziki wake kwenye simu, ila umsikilizishe mlezi kwanza, maana wimbo wa nyumbani unaweza kumtuliza mtoto na kumliza bibi. Maputo yapigwe marufuku, hata siku ya sherehe. Angalia pia vifungo vya kubandua na kubandika kwenye mito: mlio wake wa kuchanika huwasumbua wengi kuliko unavyodhani.

Harufu ndiyo hisi isiyozimika. Ukiwasha mashine ya manukato, kila anayeingia analazimika kuivuta, na wa zamu inayofuata anaikuta. Badala yake, tia tone moja kwenye kitambaa, kifungie kwenye kopo, na mtu mwenyewe afungue na kufunika. Moshi na dawa kali za usafi visisikike chumbani, maana vyote viwili vimebeba kumbukumbu za watu.

Vya kugusa ni rahisi: brashi laini, sponji, manyoya, vipande vya vitambaa, trei ya mchanga mkavu. Zile shanga ndogo zinazovimba kwenye maji usizilete kabisa. Mtoto akizimeza huvimba tumboni na kuziba utumbo. Kila kifaa chenye betri ndogo ya duara kiwe na kifuniko cha skrubu.

Sasa swichi yenyewe. Nunua vitufe vikubwa vya kubonyeza kirahisi, vinavyoweza kuwekwa chini ya kiganja, kando ya shavu au mbele ya mguu, kisha uviunganishe na taa, mnara na spika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza, waliwafuatilia watoto 41 wenye usonji katika chumba cha namna hii na kugundua kwamba walipokuwa na uwezo wa kuviongoza vifaa wao wenyewe, walikuwa makini zaidi na tabia zao za kujirudiarudia zilipungua kuliko pale vifaa vilipoongozwa na mtu mwingine. Fedha zikiwa haba, punguza taa tatu upate swichi moja.

Hatua ya 4: Watu wa kufanya kazi

Watu wawili kwa kila kipindi, mmoja wao ikiwezekana akitoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe na akilipwa kama wenzake. Wasivae sare zinazofanana na za kijeshi au za ulinzi.

Kuhusu ukalimani, usimtumie ndugu wa mtoto, hata kama ndiye aliyejifunza lugha mpya upesi kuliko wazazi. Muulize mlezi faraghani kama yuko huru na mkalimani uliyemleta. Kuongea lugha moja hakuna maana walikuwa upande mmoja wa vita, na kuna mambo ya mwili ambayo mwanamke hatayasema mbele ya mwanamume. Kwa kiziwi, kumbuka kwamba lugha za alama hutofautiana kati ya nchi na nchi. Asiyewahi kwenda shule anaweza kuwa na ishara za nyumbani tu, na hapo mkalimani wako bora ni mtu wa familia, mtu mzima, akikaa pembeni ya mtaalamu.

Weka wazi kwa kila familia, mwanzoni, kwamba yanayoonekana chumbani hayaendi kwenye faili la hifadhi. Hakikisha ni kweli kabla hujasema. Na picha zisipigwe, hata za mfadhili.

Hatua ya 5: Kipindi cha kwanza

Kipindi cha kwanza kiwe kifupi, dakika 15 au 20, na kifaa kimoja tu kiwe kimewashwa au vyote vizimwe. Mlango uwe wazi. Mlezi abaki ndani.

Tuseme ni binti wa miaka 9 mwenye mtindio wa ubongo, haongei, amekuja kwenye kiti mwendo. Mama anataka kumsukuma hadi katikati haraka, kwa adabu, asikupotezee muda. Mwombe asimame kizingitini. Mwache binti aone chumba akiwa nje yake. Akigeuza kichwa kuelekea ndani, au macho yakitua mahali, songa mbele hatua moja, usimame tena. Inaweza kuchukua dakika tano kufika kwenye godoro, na huo ndio mwanzo wa kipindi, si maandalizi yake.

Akishafika, weka kitufe cha mnara chini ya mkono wenye nguvu zaidi. Bonyeza mara moja wewe, aone mapovu yakipanda kisha yakikoma. Sasa kaa kimya. Ubongo wa mtoto huyu unahitaji muda wa kupanga mwendo, na mkono unahitaji muda wa kutii. Hesabu moyoni hadi kumi, halafu hesabu tena. Usimwambie "bonyeza, bonyeza". Usimshike mkono ukambonyezea, kwa kuwa hapo aliyebonyeza ni wewe. Vidole vyake vitakunjuka, kiwiko kitayumba upande usiotakiwa, atatulia, atajaribu tena. Mapovu yakipanda, usipige makofi: mlio utamshtua, na macho yake yatatoka kwenye mapovu kuja kwako. Ngoja yakome. Mbonyezo wa kwanza unaweza kuwa bahati. Wa pili ndio wa kuandika kwenye faili.

Kwa asiyeona, au asiyeona na kusikia, tumia mkono chini ya mkono. Weka mkono wako chini ya wake, gusa kifaa wewe, na yeye apande juu ya vidole vyako mpaka atake kukigusa mwenyewe. Anaweza kuuondoa mkono wake wakati wowote. Ukimkamata kwa juu, hawezi.

Kumaliza nako kuna utaratibu wake. Toa ishara ileile kila mara, kwa mfano kitambaa fulani mkononi mwake. Mwache azime kifaa cha mwisho. Ongeza mwanga kidogo kidogo. Usimtoe kwenye utulivu ukamtumbukiza kwenye korido yenye kelele.

Hatua ya 6: Tofautisha utulivu na kuganda

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, nayo haimo kwenye mafunzo mengi ya vifaa.

Aliyezidiwa na hisi kwa kawaida hutoa dalili mapema: anageuza uso, anakunja vidole, anatoka jasho, anapata kwikwi, ngozi inabadilika rangi, au anacheka kicheko kikali kisicho na furaha. Hapo punguza, usiongeze. Zima sauti kwanza, kisha lainisha mwanga, kisha punguza watu. Kaa chini, ongea kidogo, usimshike.

Lakini kuna anayenyamaza. Anatazama mbele, mwili hautikisiki, na mgeni atasema, tazama, ametulia. Mwangalie kwa karibu. Aliyetulia anapumua kwa kina, mabega yameshuka, ukimwita kwa upole anakujibu kwa namna yake. Aliyeganda kwa hofu anapumua juu juu, mikono ya baridi, misuli imekaza au imelegea ghafla, na macho yake yako mahali pengine. Mrudishe polepole: washa taa ya kawaida, miguu yake iguse sakafu, mpe kitambaa chenye ubaridi ashike, mtajie jina lake, jina la mahali hapa, na kwamba mama yupo. Yapo pia yale matukio mafupi ya kifafa, ambapo mtu anakatika kwa sekunde chache, haitikii chochote, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Ukiyaona, andika saa na muda, umwelekeze kwa daktari.

Degedege likitokea: angalia saa, ondoa vitu vigumu, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, usimzuie. Likipita dakika 5, au likirudi kabla hajapata fahamu, ita gari la wagonjwa.

Hatua ya 7: Mlezi naye ana mwili

Baba aliyembeba kijana wake mgongoni safari nzima anafika na maumivu ya kiuno na usingizi wa vipande vipande. Mpe godoro la pili. Dakika kumi za mwanzo ziwe zake, hasa kwa kuwa mtoto asiyeongea hupima usalama wa mahali kwa mwili wa mzazi wake kabla ya kingine chochote. Wapo walezi watakaolia mara tu wakipata pa kulala. Weka maji na vitambaa, usiharakishe maneno. Ukiona anazungumzia kujidhuru, au kuna dalili za mtoto kupigwa, fuata utaratibu wa rufaa ulioandikwa na kubandikwa ofisini kabla ya ufunguzi.

Ndugu wasio na ulemavu wapate siku yao. Hawa ndio waliozoea kunyamaza ili mwingine ahudumiwe, na katika chumba hiki watapiga kelele. Waache.

Hatua ya 8: Usafi na kumbukumbu

Futa sehemu zinazoguswa baada ya kila kipindi kwa maji yenye klorini ya asilimia 0.1, na asilimia 0.5 pakimwagika damu au majimaji ya mwili. Suuza, kausha, pitisha hewa harufu itoke kabla ya anayefuata. Vitambaa vifuliwe.

Kwenye kumbukumbu, andika mambo machache unayoweza kuyaona: upumuaji, ukakamavu wa misuli, sauti, kifaa alichokichagua, mara ngapi alikiwasha na kukizima mwenyewe. Mlezi aongeze usingizi wa usiku uliofuata. Asipochagua chochote kwa vipindi kadhaa, kosa ni la mpangilio. Badilisha mahali pa swichi kabla hujabadilisha kifaa.

Hatua ya 9: Andaa chumba cha kubebeka

Familia ya mkimbizi inaweza kuhamishwa kwa taarifa ya siku mbili, na mnara wa mapovu hauingii begini. Tangu kipindi cha tatu au cha nne, jenga mfuko wa kwenda nao: kitambaa anachokipenda, kopo la harufu yake, kitu kizito cha kuwekwa mapajani, vizuia sauti vya masikioni, tochi ndogo yenye kitufe anachokimudu. Mfundishe mlezi kupanga kona kwenye chumba kimoja wanachoishi watu sita: shuka mbili, upande mmoja wazi, saa ileile kila jioni.

Pamoja na mfuko, iwepo karatasi moja iliyoandikwa kwa lugha ya familia upande mmoja, na upande wa pili kwa lugha ya huko wanakokwenda, au kwa Kiingereza au Kifaransa kama bado hapajulikani. Itaje anavyosema ndiyo, anavyosema hapana, kinachomshtua, kinachomrudisha, dawa na vipimo vyake, na mahali pa kuweka swichi: "mkono wa kushoto, kiganja kikiwa juu ya meza, subiri." Isitaje nchi waliyotoka wala sababu ya kukimbia. Mlezi aisome, au asomewe, arekebishe anachotaka, kisha nakala moja aipige picha kwenye simu yake na nyingine ibandikwe nyuma ya kiti mwendo, ndani ya plastiki.